Mtu amemtoa babu yangu kwa babake kwenye mti wa ukoo wa onlaini, nifanyeje?

AchiengNaks

Habarini wote, niko na swali na ni refu kidogo, mnivumilie. Asili yetu ni Seme huko Kisumu lakini mimi nimezaliwa na kulelewa hapa Nakuru, babangu alikuja huku na kazi ya reli. Nimekuwa nikijaza ukoo wetu kwenye mti wa pamoja, ile ya kwamba dunia nzima mnajaza mti mmoja na mtu yeyote anaweza kubadilisha habari za mtu aliyekufa, hata kama si wa kwao.

Sasa shida yangu iko kwa baba ya babu. Huyo mzee alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi wakati wa vita vya Mwingereza na Mjerumani, alienda 1917 na hakurudi. Babu yangu naye amezaliwa karibu 1924. Nyumbani hakuna mtu anaona ajabu hapo, babu ni mtoto wa yule mzee, jina lake ndilo anatumia, boma ni la yule mzee, na ndugu zake wawili wakubwa ni wa mama mmoja na yeye. Nilipoweka hivyo ikatokea alama nyekundu kwamba mtoto amezaliwa baada ya baba kufa, nikaachana nayo. Juzi nafungua naona babu ameng'olewa, anaelea tu peke yake bila baba, na aliyemtoa ni mtu simjui kabisa, ameandika sababu moja tu kwamba haiwezekani. Ati haiwezekani! Na si hayo tu, yule mzee wa kwetu ameunganishwa na mwanamume mwingine wa Alego huko Siaya kwa sababu wote wanaitwa Onyango na wanakaa kuwa rika moja, kwa hivyo saa hii mzee wetu ako na bibi hatuwajui na watoto hatuwajui.

Nikirudisha si atatoa tena? Na nikiulizwa baba ya babu ni nani nijibu aje, maana aliyemzaa ni mdogo wa marehemu, hilo nalo linajulikana.

Ja_Kano

Pole dada. Hujasema ni mti gani lakini kama ni ule wa FamilySearch usiwe na wasi, hakuna kitu hupotea pale. Ingia ukurasa wa mzee, tafuta historia ya mabadiliko, utaona kila kitu kimefanywa lini na nani na kando yake kuna pa kubofya kurudisha. WikiTree na Geni pia zinaweka historia.

Lakini usianze na babu, anza na huo muungano wa Seme na Alego. Wazee wawili wakishaunganishwa kila kitu utakachoongeza kitaingia kwa mchanganyiko. Kuna kitufe cha kutenganisha, ila kinafanya kazi tu kama hakuna mtu ameguza hiyo profaili tangu iunganishwe, wakishaguza inabidi umrudishe yule aliyefutwa na uhamishe watoto mmoja mmoja, kazi ya kuchosha lakini inafanyika. Ukimaliza nenda pale inapopendekeza wanaofanana useme hawa si mtu mmoja, uandike kwa nini, halafu umfuate mzee upate imeili kila mtu akimguza.

Na hiyo ya majina itakusumbua milele nakwambia. Onyango ni mtu alizaliwa asubuhi jua likiwa limepanda kidogo, sasa kutoka Seme mpaka Alego ni wangapi walizaliwa saa hiyo? Kompyuta inadhani ni jina la ukoo kama la mzungu, ikiona Onyango na Onyango, wote Nyanza, wote karibu 1885, inasema mpendwa huyu ni huyu. Usiache mahali pa kuzaliwa ikiwa "Kenya" ama "Nyanza" tu. Weka mpaka kijiji, na ukoo uuweke kwa maelezo.

Damu_Tupu

Mimi nitasema ukweli na mkasirike. Mti wa ukoo ni wa kuzaana. Huyo mtu wa kigeni hakukosea, amefanya vibaya tu kuacha babu bila baba. Aliyemzaa ni mdogo wa marehemu na wewe mwenyewe umesema inajulikana, basi mweke hapo. Kesho mjukuu wako apime DNA, ama daktari amuulize kwenu kuna ugonjwa gani wa kurithi, utampa mti wa heshima ama mti wa ukweli?

Mwalimu_Mbale

Ndugu Damu, hasira hakuna. Lakini hebu tulia tuangalie jambo lenyewe, maana hata sisi huku Maragoli tunalo.

Kwa Waluo mjane hakuwa anaolewa upya. Alibaki mke wa marehemu, ndiyo maana wanamwita chi liel, mke wa kaburi. Ndugu ya marehemu alikuja pale nyumbani kwa marehemu, hakumpeleka kwake, na watoto waliozaliwa baada ya hapo walikuwa watoto wa mwenye boma. Walirithi shamba lake na wakaitwa jina lake. Ukimuuliza mzee yeyote wa 1930 huyu ni mtoto wa nani angekutajia marehemu bila hata kufikiri, na hangekuwa anakudanganya, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu. Kwa hivyo ukimtoa babu wa Achieng pale, rekodi zote zitakazopatikana mbele zitagongana na mti, kuanzia kitabu cha ubatizo mpaka kitambulisho.

Sasa hiyo mti si lazima uchague mmoja. FamilySearch inakubali mtoto awe na wazazi seti mbili, na kila uhusiano unaweza kusemwa ni wa aina gani, wa kuzaa, wa kulea, wa kuasili, wa kambo. Mimi ningemweka babu chini ya yule mdogo wa marehemu pamoja na mama, niandike wa kuzaa. Halafu nimweke tena chini ya marehemu na mama huyohuyo, na hapo aina niache wazi kwa sababu hakuna hata moja kati ya zile zilizopo inayofaa, wa kambo si kweli na wa kuasili si kweli. Kwa maelezo ya maisha niandike sentensi kama nne kueleza desturi. Halafu mti unakuuliza seti gani ionyeshwe kwanza, hapo ni nyinyi wenye mji mtaamua. Alama nyekundu itabaki, iache ikae.

Na hiyo ya DNA, ndugu yangu, fikiria tena. Kromosomu Y inatoka kwa baba kwenda kwa mwana. Marehemu na mdogo wake kama ni wa baba mmoja wanabeba ileile. Ukipanda hatua moja tu juu baba yao ni yuleyule na mti unaendelea vilevile, tofauti yote tunayogombania ni ngazi moja. Ila Achieng, uliza vizuri kama alikuwa ndugu wa tumbo moja, au wa baba mmoja mama tofauti, au binamu wa ukoo, kwa sababu wote walikuwa wanaitwa ndugu na mara nyingi haikuwa wa karibu.

Damu_Tupu

Seti mbili sikujua inawezekana. Hiyo nakubali. Lakini ya kuonyeshwa kwanza iwe ya damu, hapo sibanduki.

nyar_Ugenya

Nyinyi wanaume mmeongea baba, baba, baba mpaka nimechoka kusoma. Mama ya babu ni nani?? Mbona kwa swali lote hana jina? Huyo mama ndiye mtu mmoja hapo hakuna anayeweza kubishana naye, amezaa wawili kabla ya 1917 na akazaa babu kwa boma hilohilo baadaye, yeye ndiye anaunganisha stori nzima.

Najua utasema mnamjua kama nyar, yaani binti wa, mahali fulani tu. Sawa, hiyo ndiyo rekodi yenyewe. Mwanamke wa Kiluo akiolewa anaitwa kwa kwao, nyar Asembo, nyar Gem, nyar Uyoma, kwa hivyo usiandike "hajulikani" pale kwa jina, andika nyar hivi, na mahali pa kuzaliwa uweke hapo kwao. Halafu uulize kama alikuwa mikayi, nyachira au reru, bibi wa kwanza wa pili ama wa tatu, kwa sababu mzee akiwa na bibi kadhaa na mti ukiwarusha watoto wote kwa mama mmoja hutawahi kumaliza kurekebisha. Mimi nilipata upande wa nyanya yangu nikiuliza wajomba. Kwa wajomba ndio hukumbuka binti yao alienda wapi, na ng'ombe ngapi zilikuja, hizo ng'ombe hawasahau hata moja.

Muulize babako leo usingoje krismasi. Mrekodi kwa simu, akianza kuongea usimkatize na mambo ya mwaka gani. Miaka utaitafuta mwenyewe baadaye, reli ilifika Kisumu mwisho wa 1901, dhahabu ya Kakamega ni 1931 na nzige walikuwa karibu hapo, mafuriko makubwa ni 1961 kuingia 1962. Akisema shangazi fulani aliolewa wakati watu wanakimbilia dhahabu umeshapata mwaka bila kumuuliza.

Nyakwar_Ramogi254

Mimi ukoo wangu nimeufikisha mpaka Ramogi Ajwang mwenyewe, yule babu wa Waluo wote wa masimulizi 😎 vizazi vyote viko onlaini, mkitaka niwaunganishe na nyinyi niambieni

Ja_Kano

Ndugu ulipata wapi tarehe za kuzaliwa za hao wote? Kila mmoja umeweka amezaliwa miaka 25 baada ya babake, nimeangalia. Wacha majina kama yalivyosimuliwa na utoe hizo tarehe tafadhali, watu wanaanza kuzinakili.

karani_wa_zamani

Naongeza kidogo kwa hiyo ya 1917. Mwaka huo ndio watu walichukuliwa kwa wingi sana, Ainsworth aliyekuwa PC, yaani mkuu wa mkoa, wa Nyanza ndiye alipewa kazi ya kuwapata. Wengi hawakuuawa na risasi, waliuawa na kuhara na njaa na baridi huko Tanganyika. Usitarajie kaburi lenye jina. Tume ya makaburi ya vita ya Uingereza, CWGC, yenyewe ilikubali kwenye ripoti ya 2021 kwamba wapagazi wa Afrika wengi hawakukumbukwa kwa majina, walijengewa tu zile sanamu za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Kwa hivyo kwenye mti usiandike "alikufa 1917" kama huna hakika. Alienda 1917 na hakurudi, vita viliisha Novemba 1918, basi andika "kati ya 1917 na 1918" na sababu uiandike pale chini. Tarehe ya uongo ndiyo inaleta hao wasafishaji.

Nyaraka za serikali za zamani za Nyanza ziko Nairobi kwa jengo la Archives pale Moi Avenue, na kuna ofisi zao Kisumu na Nakuru pia, uliza hapo karibu kwanza kabla hujalipa nauli. Cheti cha kuzaliwa cha 1924 usitafute, vijijini hakuna mtu alikuwa anaandikisha Mwafrika wakati huo. Tafuta vitabu vya kanisa. Kama kwenu ni watu wa CMS, wale wamisionari wa Kianglikana, basi ni upande wa Maseno, misheni ilianza hapo 1906. Babu alibatizwa mkubwa ama mdogo? Akibatizwa mkubwa, jina la baba alilitaja yeye mwenyewe kwa mdomo wake, na hiyo ni ushahidi kuliko sisi wote hapa. Piga picha ukurasa uupandishe kama chanzo. Mtu akitaka kumtoa tena atakutana na karatasi.

AchiengNaks

Aki asanteni, sikutarajia majibu haya yote. Nimeshinda kwa simu mpaka bando ikaisha.

Kutenganisha ilikataa, kuna mtu alikuwa ameongeza mtoto wa Alego hapo katikati, kwa hivyo nimemrudisha yule wa pili na kuhamisha watoto kama Ja_Kano alivyosema. Wa Alego nimewaacha wote kwa mzee wao, sikuguza kitu, labda kuna mtu anawatafuta pia. Babu nimemwekea seti mbili na nimeandika maelezo. Ya kuonyeshwa kwanza ni ya marehemu, Damu_Tupu unisamehe, babangu amesema hivyo na mimi siwezi kubishana na babangu. Yule mdogo wa marehemu ni wa mama mmoja na yeye, nimeuliza.

Yule mtu nilimwandikia meseji na amejibu vizuri tu, kumbe yeye hujitolea kupita kwa mti akiondoa alama nyekundu, hana hata ukoo Kenya. Anasema amerekebisha za Nyanza nyingi za namna hiyo. Ameomba nimtumie yale maelezo ya desturi ayasome, nimemtumia ya Mwalimu karibu yote nikayageuza Kiingereza. Kama kuna mtu wa Nyanza hapa ameona wazee wake wanaelea, angalia historia.

Picha ya kitambulisho cha babu cha zamani nimeipandisha, jina la marehemu liko wazi pale. Kitabu cha kanisa nitaenda Disemba.

Sasa nyar_Ugenya umenitia kazi. Nimempigia babangu kuuliza mama ya babu, akasema nyar Sakwa bila kusita. Nikampigia shangazi, akasema hapana, ni nyar Asembo, Sakwa ni yule wa nyumba ya pili. Sasa wananipigia wote wawili kila mmoja anataka nimwandike wake. Kuna mtu wa Sakwa hapa ambaye wazee wao wanakumbuka binti aliyeolewa Seme kabla ya vita?

nyar_Ugenya

Sakwa ipi, ya Bondo ama ya Awendo? Rudi umuulize babako hiyo kwanza.