Mashine ipo ofisini Arusha mimi niko Moshi, kifaa gani kitaniwezesha kuiwasha na kuiona hata Windows ikiwa imekufa?

mpimaji_moshi
Wakuu habari za mchana, naomba msaada kwa wenye uzoefu. Kazi yangu ni kuchakata picha za droni za mashamba na viwanja, zinaingia picha mia kadhaa inatoka ramani moja, laptopu yangu hiyo kazi haiwezi inapata moto mpaka huwezi kuipakata, kwa hiyo ofisini Njiro tuna mashine ya mtumba HP Z440, Xeon, ram 64, kadi ya NVIDIA, ndo inabeba kila kitu. Mimi nakaa Moshi, huku Soweto, kwenda Arusha kila siku ni nauli na muda na ukikutana na foleni kuanzia Usa River ndo basi tena, hivyo siku nyingi nafanya kazi kwa AnyDesk, ile programu ya kuendesha mashine ukiwa mbali.

Shida sasa, AnyDesk iko poa mpaka mashine izime. Umeme umekatika usiku, asubuhi nakuta kimya. Au Windows imejiapdeti imekwama kwenye skrini ya bluu inasubiri mtu abonyeze kitu, au programu imemaliza ram yote imestaki hata mausi haisogei. Hapo nampigia mlinzi, mzee wa watu anaingia anabonyeza kitufe, ila wiki iliyopita nikamwomba anisomee kilichoandikwa kwenye kioo, akawa ananitajia herufi moja moja kama anasoma namba ya LUKU, tukaishia kucheka wote na kazi ya mteja ikalala.

Nimesikia kuna kifaa unachomeka nyuma ya mashine unaona kioo hata kabla Windows haijapanda na unaweza kuwasha ukiwa mbali. Kinaitwaje, kinafungwaje, na bando litatosha? Ofisini tunatumia ruta ya laini ya simu, 4G. Bajeti ni ndogo, bosi wangu kitu kisichopiga picha hakioni umuhimu wake. Natanguliza shukrani.

fundi_kijenge
Mkuu unachotafuta kinaitwa KVM ya IP. Inachomekwa sehemu mbili, HDMI na USB. Kwenye HDMI mashine inadhani imefungiwa monita kumbe picha inachukuliwa inarushwa kwenye mtandao, na kwenye USB mashine inadhani ni kibodi na mausi za kawaida. Haijali Windows ipo au haipo, utaona nembo ya HP ikiwaka, utaingia bayosi (mipangilio ya mashine kabla ya Windows) kwa F10, hata Windows mpya unaweza kupiga ukiwa kitandani maana unaipandishia faili la ISO (lile la kupigia Windows) nayo inajifanya flashi.

Zipo za aina nyingi. PiKVM inajengwa juu ya Raspberry Pi, kile kikompyuta cha bodi moja, ndo yenye umri na watu wengi wanaijua. JetKVM ilikuja Kickstarter (tovuti ya kuchangia bidhaa mpya) mwishoni mwa 2024 kwa dola 69, ndogo kama kiberiti ina kioo chake. NanoKVM ya Sipeed ndo ya bei chee kati ya hizo. Mimi NanoKVM ningeiweka kwa mteja kwa shingo upande, mwaka 2025 watu waliifungua wakakuta ndani kuna maikrofoni ndogo ambayo wanunuzi wengi hawakuijua, inatokana na bodi waliyoitumia ila ndo ipo, ofisini kwa watu sio vizuri.

Kwa Z440 angalia kadi yako, kadi za NVIDIA za Quadro nyingi zina DisplayPort tupu, hivyo nunua na adapta ya DisplayPort kwenda HDMI usije ukakwama siku ya kufunga. Na utapata faida nyingine, ukichomoa monita kadi nyingi za grafiki zinagoma kutoa picha ya maana, unakuta AnyDesk inakupa kidirisha kidogo cha ovyo, KVM ikiwepo kadi inaona kuna monita na mambo yanaenda.

sakina_it
Aliyotangulia kasema vizuri ila kuna kitu watu wanakisahau kila siku. Hizi KVM nyingi zinakula umeme kwenye ile USB ya mashine. Mashine ikizima kabisa, USB nyingi nazo zinakata umeme, KVM inakufa pamoja nayo, sasa utaiwashaje? Lazima uipe chaja yake ya pembeni. JetKVM na PiKVM ya kujijengea kwa Pi 4 tundu la USB-C ni moja kwa data na umeme, inabidi upate waya wa kugawanya, mguu mmoja kwa chaja mwingine kwa mashine. Na chaja hiyo ichomekwe kwenye UPS (betri ya akiba), na ruta nayo kwenye UPS hiyo hiyo, KVM iko hai ruta imezima unafanya nini.

Halafu kabla hujanunua chochote maliza mambo ya bure kwanza. Ingia bayosi tafuta "After Power Loss" weka iwake yenyewe umeme ukirudi. Hiyo peke yake itapunguza simu za mlinzi karibu zote za usiku.

mpimaji_moshi
@sakina_it hiyo ya After Power Loss tuliweka mkuu. Ajabu ni kwamba kabla ya kununua UPS ilikuwa inafanya kazi, tangu tuweke UPS umeme ukikatika mara nyingi nakuta imezima na haijawaka. Ndo nikaanza kuwaza kifaa.

sakina_it
😂 hilo ndilo nilikuwa nalisubiri. UPS yako ina waya wa USB umeenda kwenye mashine si ndio? Umeme ukikatika UPS inaiambia Windows betri inaisha jizime, Windows inazima kistaarabu. Baada ya dakika chache umeme unarudi kabla betri ya UPS haijaisha. Mashine kwa upande wake haijawahi kukosa umeme hata sekunde moja, imezimwa tu kama wewe ulivyoizima jioni, kwa hiyo After Power Loss haina sababu ya kufanya chochote. Inakaa hapo mpaka mtu abonyeze.

Dawa yake ni Wake on LAN. Kuna kipakiti kidogo kinatumwa kwenye waya wa LAN, baiti 6 za FF zikifuatiwa na namba ya MAC (utambulisho wa kadi ya mtandao) ya mashine ikirudiwa mara 16, jumla baiti 102, kadi ya mtandao inayokaa macho hata mashine ikiwa imezima ikikiona inawasha. Ila hicho kipakiti kinazunguka ndani ya mtandao wa ofisi tu, huwezi kukirusha toka Moshi kikavuka ruta, lazima kuwe na kitu ndani kinachowaka muda wote cha kukirusha. Na hicho kitu ndo KVM yako, PiKVM na JetKVM zote zina sehemu ya kutuma.

Kwenye bayosi ya HP zima "S5 Maximum Power Savings" na washa "S5 Wake on LAN", kwenye Windows zima Fast Startup, na mashine iwe kwenye waya sio waifai. Halafu jaribu ukiwa umekaa pale pale ofisini, zima, washa kwa simu, rudia. Usifunge ukaondoka na Coaster ya jioni ukidhani imekubali.

fundi_kijenge
Nyongeza, kama Windows ina BitLocker (inayofunga diski kwa siri) hakikisha ule ufunguo wa kurejesha unao mkononi kabla ya kugusa bayosi. Kuna mabadiliko ukiyafanya inakudai namba 48 ndo ifunguke.

mzee_wa_kebo
Nyie vijana mnazunguka sana. Hizi KVM nyingi zina bodi ndogo ya ATX, nyingine inauzwa pembeni, unaifunga katikati ya kitufe cha pawa na madabodi, ukibofya kwenye simu ni sawa na kidole cha mlinzi, ukishikilia inazima kwa nguvu. Wake on LAN ya nini, leo inakubali kesho dereva imebadilika imekataa.

sakina_it
@mzee_wa_kebo shikamoo mzee, kwa dekstopu za kuunga nakubaliana na wewe asilimia zote. Ila jamaa ana Z440. HP kwenye hizi Z wameweka plagi yao wenyewe ya paneli ya mbele, sio zile pini za kawaida zenye mpangilio wa ATX, waya za hiyo bodi ndogo hazikai moja kwa moja. Inabidi atafute pini mbili za kitufe kwa mita au achune waya wa kitufe aunganishe kwa kulehemu, na ile ni mashine ya ofisi sio yake.

mzee_wa_kebo
Marahaba. Z440 sikuiangalia, nilidhani ya kuunga. Basi kwa mashine ikistaki afanye hivi: anunue soketi ya rimoti ya waifai, aiweke kati ya UPS na mashine, sio kabla ya UPS. Ikiganda kabisa anakata umeme kwenye soketi, anahesabu mpaka ishirini, anarudisha. Hapo ile After Power Loss inaona umeme umepotea kweli, mashine inawaka. Asiizoee maana kukata umeme diski ikiwa inaandika ni kutafuta balaa, ila kwa mashine iliyoganda saa nane usiku hakuna ustaarabu mwingine. Aangalie soketi iwe na uwezo, zile za bei ya chini kabisa zinaungua, mashine kama hiyo ikiwa inachakata picha inavuta wati za kutosha.

Na hiyo UPS ni ya ngapi? Kama ni 650VA hapo unapata wati 360 hivi, kadi ya grafiki ikikaza na Xeon ikikaza inaweza kupiga kelele ikajizima yenyewe, usije ukalaumu umeme.

tekno_dada
Hivi Intel AMT, ile ya kuendesha mashine kwa mbali iliyo ndani ya madabodi, hamjaitaja kwa nini? Haihitaji kununua kitu.

fundi_kijenge
@tekno_dada dada AMT ni nzuri ila picha ya kioo inaipata kutoka grafiki za ndani za Intel. Xeon za E5 hazina grafiki za ndani, kwa hiyo kwenye Z440 hata AMT ikikubali kuwasha na kuzima, kioo hutakiona, na shida yake kubwa mkuu ni kuona kioo. Pia mwaka 2017 iligundulika AMT ilikuwa inakubali kuingiwa na paswedi tupu, mashine za mtumba nyingi bayosi zake hazijawahi kuguswa tangu zitoke Ulaya. Mimi huwa naizima.

kaka_wa_ngaramtoni
Kuna zile kadi za Teradici za PCoIP za kurusha kioo kwenye mtandao, unachomeka ndani kwenye PCIe, unavuta waya wa DisplayPort kutoka kadi ya grafiki kuingia kwenye hiyo kadi, na kitufe cha pawa kinapitia hapo hapo. Studio za filamu walizitumia sana. Mtandaoni za mtumba zipo.

sakina_it
Zipo ndio ila upande wa pili zinapendeza ukiwa na kile kiboksi chake cha mezani na mtandao mnene, yeye yuko kwenye 4G Soweto. Tusimuuzie mtu trekta ya kwenda sokoni.

mpimaji_moshi
Nimecheka hapo kwa trekta. Aisee asanteni sana, ile ya UPS ndo imenifungua kichwa. Sasa swali la mtandao, ruta ya laini ya simu naifungulia vipi njia? Nilijaribu kufungua poti kwenye ruta haikubali. Na bando je?

fundi_kijenge
Haitakubali mkuu hata ufanyeje. Angalia IP ya WAN kwenye ruta, kama inaanzia 100.64 mpaka 100.127 au 10 basi mtandao wa simu umewaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, mlango wa nje sio wako. Na ni heri, maana poti ya 3389, ile ya RDP ya kuingia Windows kwa mbali, ikiwa wazi kwa dunia nzima, maroboti yanaanza kubahatisha paswedi siku hiyo hiyo. Weka Tailscale (programu ya VPN, njia ya siri kati ya vifaa vyako) kwenye KVM na kwenye laptopu yako, zinatafutana zenyewe zinatoka nje badala ya kungojea kuingiliwa. PiKVM na JetKVM zote inakubali.

Paswedi ya kwanza kabisa badilisha, PiKVM inakuja na admin na admin, na ile ya root nayo ni root. Anayeingia kwenye KVM ni sawa na amekaa kwenye kiti chako, washa na uthibitisho wa hatua mbili kama kifaa chako kinao.

tekno_dada
Na kwa kuwa ni ofisi msisahau ile ya TCRA, Oktoba 2023 walitoa tangazo wanaotumia VPN wajisajili, mwisho ilikuwa tarehe 30 mwezi ule ule. Tailscale nayo ni VPN. Mwambie bosi ajaze tu kwenye tovuti yao, ni ya kazi huna cha kuficha.

sakina_it
Bando: piga hesabu hivi, kila megabiti moja kwa sekunde ukikaa saa nzima ni kama MB 450. KVM ikirusha kwa megabiti 4 ni GB 1.8 kwa saa, na hiyo ni ikiwa kwenye H.264 inayobana video, ukiiacha kwenye MJPEG inayotuma picha moja moja inakomba zaidi ya hapo. Kwa hiyo KVM usiifanyie kazi ya siku nzima. Kazi endelea na AnyDesk kama kawaida, au RDP kama Windows yenu ni Pro maana ya Home haipokei RDP. KVM unaifungua mashine ikigoma, unatengeneza, unafunga ukurasa. Kufunga ukurasa namaanisha kufunga kweli, ukiiacha wazi kwenye kivinjari inaendelea kuvuta. Na picha za droni zisipande kwa bando, aliyeruka na droni apeleke kadi ya SD ofisini.

mpimaji_moshi
Poa sana. Kwa hiyo mpango wangu ni JetKVM, adapta ya DisplayPort, waya wa kugawanya, soketi ya waifai, vyote nitaagiza pamoja nifunge siku moja nikiwa Njiro. LUKU ikiisha wikiendi ndo itakuwaje sasa maana hiyo ilishatokea?

mzee_wa_kebo
Hiyo bado ni kazi ya mlinzi. Tokeni utanunua kwa simu ukiwa Moshi, namba 20 lazima mtu aziingize kwenye mita. Mtumie kwa meseji azisome taratibu, na vocha kidogo usisahau.