Kufunga mwamba wa pweza: miezi mingapi, na gramu 500 zisimamiwe wapi?

Katibu_BMU
Salaam wadau. BMU moja (kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi) upande wa Kilwa inaandaa mpango wa kufunga mwamba wa pweza, yaani kuzuia uvuvi hapo kwa muda. Ufungwe miezi miwili, mitatu au sita? Na kanuni inayokataza pweza wa chini ya gramu 500 isimamiwe vipi, maana akishachomwa harudishiki? Tena, doria ikimkamata mtu wa kijiji jirani, kesi itasimama?

Mchokoo
Miwili hadi mitatu inatosha, sita ni hasara. Pweza wa mwambani anaishi takriban mwaka mmoja, na akiwa mdogo hukua upesi mno: mwezi mmoja tu unaweza kumwongeza uzito maradufu. Ndiyo maana kufunga kwa muda mfupi kunalipa kwa pweza, wakati chewa anataka miaka. Lakini jike hutaga mara moja maishani. Hubaki shimoni akilinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Mkipitisha muda, wengi mliowasubiri watakuwa wameshakufa. Kizazi kimepatikana, sawa, ila mvuvi aliyeambiwa avumilie atakuta mashimo matupu na hatakubali kufunga tena.

Msifunge mwamba wote. Robo ya maeneo ya kijiji ni mwanzo mzuri, na mpaka uwe kitu kinachoonekana: mkondo, ncha ya fungu, kisiwa. Boya lenye nanga nyepesi halimalizi msimu wa upepo wa kusi.

Mizani_ya_Kijiji
Gramu 500 msizisimamie mwambani, zisimamieni sokoni. Mchokoo (fimbo ya kuchomea pweza) ukishaingia, pweza amekufa, na kumtupa ni kupoteza mara mbili. Wakala wa kiwanda akikataa wadogo kweli kweli, mvuvi mwenyewe atajifunza kuwapita. Mizani iwe ya BMU, si ya mnunuzi, na ijaribiwe kwa jiwe la kilo moja kila asubuhi. Pimeni kabla pweza hajatumbuliwa wala kulowekwa. Akilowekwa maji ya kisima hunyonya, na aliyepungua kidogo hufika 500.

Kuhusu kesi: Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 haitaji tarehe za kufunga mwamba wenu. Hizo zinataka sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, halafu inakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kosa ninaloliona sana kwenye mipango hii ni kuuchukua muhtasari wa mkutano kana kwamba ndiyo sheria. Hapo kesi ya mgeni inaanguka. Rasimu itaje mipaka kwa vipimo vya GPS, nani anatangaza kufunga na kufungua, na faini inaingia akaunti ipi. Vijiji jirani vipelekewe barua mapema, na nakala zilizopokelewa mzitunze.

Bamvu
Siku ya kufungua ndiyo huharibu kazi yote. Fungueni kwenye bamvu (maji makubwa), siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapotoka hadi mwisho kwenye saa nne asubuhi. Watu waingie pamoja kwa filimbi moja. Bila utaratibu, matumbawe yanakanyagwa, mawe yanapinduliwa yakaachwa hivyo, pweza wanazidi barafu na bei inaporomoka kabla ya adhuhuri. Wakala aandikishe bei wiki moja kabla. Barafu iwe kilo kwa kilo, na pweza wakae ndani ya mifuko wasilowe.

Kwenye daftari andikeni idadi ya wavuvi, saa walizokaa majini, na uzito wa kila pweza. Jumla ya siku ya kwanza inadanganya. Endeleeni kupima hadi bamvu linalofuata, ndipo mlinganishe kilo kwa mtu kwa siku na mwamba uliobaki wazi.

Katibu_BMU
Ahsanteni sana. Kipande kilichopendekezwa ni cha karibu, akina mama wanakofika kwa miguu.

Mchokoo
Basi kibadilisheni kabla rasimu haijaenda wilayani. Wanaume wenye miwani ya kuzamia na ngalawa watahamia maji marefu siku hiyo hiyo, na akina mama hawana pa kwenda. Fungeni kipande cha maji marefu pia, au gaweni cha karibu nusu kwa nusu. Na kwenye kamati inayopanga tarehe, wakusanyaji wa miguu wawe na kura, si kuitwa kusikiliza tu.