Re: Kilo moja ni miaka mingapi? London na Hong Kong si mamoja

Kutoka: Mama Yusra, Luton

Salaam ndugu zangu. Kuna ujumbe unazunguka WhatsApp kwamba aliyekamatwa na kilo moja ya unga (heroini au kokeini) "popote pale ni miaka kumi, anyamaze tu asubiri". Wapo wazazi wanaoufuata, na unaweza kumgharimu mtoto wa mtu miaka. Wanaoijua sheria ya hapa, na ya Hong Kong ambako Watanzania wengi wamefungwa, tuelezeni jaji anaifikiaje hiyo idadi.

Kutoka: Hemedi, London

Shikamoo Mama Yusra. Nasema ya England na Wales. Scotland wana mfumo wao.

Heroini na kokeini ziko Daraja A, kundi la dawa zinazoadhibiwa vikali zaidi, na ukomo wa adhabu ya kuziingiza nchini ni kifungo cha maisha. Lakini jaji habuni miaka. Anafuata mwongozo wa Sentencing Council (baraza linalowawekea majaji viwango vya adhabu), ulioanza kutumika mwaka 2012 na kurekebishwa kuanzia 1 Aprili 2021. Anaangalia kwanza mambo mawili: uzito wa mzigo, na nafasi ya mshtakiwa katika biashara hiyo.

Ngazi za juu za uzito kwa unga ni kilo 5, kilo 1, kisha gramu 150. Wengi huzisoma kama mipaka, na sivyo. Ni vituo vya kuanzia hesabu: mwenye kilo 3 anaanziwa kwenye kilo 1, halafu anapandishwa. Kinachopimwa ni mzigo wote, pamoja na vilivyochanganywa humo. Dawa ikiwa safi sana, hilo linakuja baadaye kama sababu ya kuongeza.

Nafasi ni tatu: kinara, mwenye kazi ya maana (wa kati), na mdogo. Kwa kilo 1, kinara anaanzia miaka 11, wa kati 8, mdogo 6 (akizunguka kati ya 5 na 7). Punda, yaani mbebaji, aliyemeza kete za dawa kwa maelekezo ya wengine, aliyetishwa au kurubuniwa, asiyejua ukubwa wa biashara, huyo ni mdogo. Ila upunda peke yake hautoshi. Kama alitarajia donge nono, au alimvuta mwenzake aingie, upande wa mashtaka utadai ni wa kati. Tofauti hiyo ya miaka miwili inagombewa kwa simu na karatasi: nani alilipia tiketi, nani aliweka nafasi ya hoteli, nani alikuwa anatoa amri na nani anaitikia. Ndugu wasifute ujumbe wowote. Mara nyingi ndio unaoonyesha kijana alikuwa anatumwa, na kuufuta kunaweza kuwa kosa jipya.

Sasa hilo la kunyamaza. Kituoni wakili ni bure, hata kwa mgeni, na kunyamaza au kusema kuamuliwe naye. Mahakama inaweza kumhesabia vibaya mtu aliyeficha jambo akaja kulitoa kwenye kesi. Kukiri kosa ni suala jingine, na lina saa yake. Akikiri kikao cha kwanza (waliokamatwa Heathrow kwa kawaida hupelekwa Uxbridge Magistrates' Court) anapunguziwa theluthi. Baada ya hapo ni robo, na inashuka hadi sehemu moja ya kumi siku kesi inapoanza kusikilizwa. Yule mdogo wa miaka 6 anabaki na 4 akikiri mapema. Akichelewa hadi mwisho, ana 5 na ushee.

Angalizo: akikiri kosa lakini akadai alitishwa, na mashtaka wakakataa, jaji atasikiliza ushahidi wa jambo hilo peke yake. Asipoaminiwa, punguzo lake kwa kawaida hukatwa nusu.

Kutoka: Mama Yusra

Marahaba mwanangu. Na akisema alidhani amebeba bangi, si kokeini?

Kutoka: Hemedi

Hatoki kwenye hatia, maana inatosha kuwa alijua amebeba kitu kilichokatazwa. Lakini jaji anaweza kumpunguzia, kwa kutazama kama dhana hiyo ilikuwa na mantiki. Kuwa mlezi pekee wa watoto pia ni sababu ya kupunguza. Leteni vyeti vya kuzaliwa na barua ya shule. Barua kumi za "ni mtu mwema" zinazofanana maneno hazisaidii.

Kutoka: Juma, Kowloon, Hong Kong

Huku hesabu ni kali zaidi na inatumia mizani tofauti. Mkemia wa serikali anatoa uzito wa dawa safi ndani ya mzigo, na huo ndio unaoamua. Ngazi za heroini, na kokeini hufuata hizo hizo: gramu 200 hadi 400 ni miaka 12 hadi 15, 400 hadi 600 ni 15 hadi 20, 600 hadi 1,200 ni 20 hadi 23, kilo 1.2 hadi 4 ni 23 hadi 26.

Kilo moja yenye usafi wa asilimia 70 ni gramu 700 safi. Anaanzia kama miaka 20 na nusu, na jaji anaweza kuongeza kwa sababu mzigo umevuka mpaka. Bila nyongeza, akikiri mapema anabaki na miaka 13 na miezi 8. Magereza humsamehe theluthi kwa nidhamu, kwa hiyo anakaa ndani kama miaka 9. Theluthi ya kukiri hupatikana akikiri mbele ya hakimu, kabla kesi haijapelekwa Mahakama Kuu kusikilizwa. Siku ya kwanza ya kesi ni asilimia 20 tu.

Punda hapunguziwi kwa kuwa punda: viwango hivi vyenyewe vimewekwa kwa kumfikiria yeye, na mwenye cheo cha juu ndiye anayeongezewa. Umaskini, mama mgonjwa, watoto wadogo, karibu havihesabiwi kabisa. Kinachoshusha ni kukiri na msaada wa kweli kwa uchunguzi, na msaada huo una thamani saa za mwanzo, kabla aliyekuwa anaupokea mzigo hajazima simu.

Kutoka: Hemedi

Naongeza ya hapa. Asiye raia wa Uingereza akihukumiwa miezi 12 au zaidi, sheria ya mwaka 2007 inataka afukuzwe nchini, isipokuwa kwa hoja chache kama za haki za binadamu. Wakili wa jinai na wa uhamiaji waongee kabla ya kukiri. Na wanaobeba mirungi kama zawadi: tangu 24 Juni 2014 ni Daraja C, kundi la chini ya Daraja A na B, na ukomo wa kuiingiza ni miaka 14.

Kutoka: Juma

Rufaa ya adhabu ni siku 28, huko na huku. Tofauti ni kwamba Mahakama ya Rufaa ya Hong Kong ina uwezo wa kuongeza kifungo cha aliyekata rufaa, hivyo wakili aseme kwanza kosa la jaji liko wapi ndipo fomu ijazwe.