Nakaribia hamsini na tumbo linazidi kujaa: nipunguze vipi bila kudhoofika?

BintiLangoni
Assalaam alaykum ndugu zangu, hasa kina mama mlionitangulia.

Nina miaka 48, naishi Amu (Lamu) mjini. Mwili wangu ulikuwa wa kadiri, lakini tangu hedhi ianze kuruka miezi, tumbo linajaa hata nguo nilizoshonesha Idi iliyopita hazifungiki kiunoni. Chakula sijaongeza: asubuhi mahamri kwa mbaazi, mchana wali wa nazi na samaki, jioni chai ya maziwa na chochote kilichopo. Usiku naamka nimelowa jasho, na usingizi ukishakatika haurudi. Natumia dawa ya presha na mamangu ana kisukari, ndipo wasiwasi wangu ulipo. Umbo la usichana silitafuti.

Shoga yangu ananiambia ninywe chai ya sanamaki kila usiku na nile mara moja tu kwa siku. Yeye amepungua kweli, ila analalamika kizunguzungu. Kwangu napika sufuria moja kwa watu tisa, siwezi kujipikia peke yangu. Naombeni ushauri.

MamaShela
Waalaykum salaam mwanangu. Sanamaki achana nayo. Ni dawa ya kuendesha. Kinachotoka ni maji na choo, mafuta yako palepale.

NesiMstaafu
Dada, pole kwa usiku usiolala. Nimehudumia wanawake wengi wa umri wako hapa pwani, na karibu wote huambiwa "punguza kula", basi. Inaniuma, kwa sababu huo ni nusu ya ushauri.

Homoni ya estrojeni ikishuka, mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na kwenye nyonga huhamia tumboni, kuzunguka ini na matumbo. Misuli nayo hupungua umri unavyosonga, na mwili wenye misuli kidogo unahitaji chakula kidogo. Ndiyo maana sahani ileile ya zamani leo inakuzidi. Sasa ukijinyima mpaka mlo mmoja, misuli inaliwa pamoja na mafuta. Siku ukichoka kujinyima, mafuta yanarudi, misuli hairudi yenyewe.

Kwa hiyo linda misuli kwanza. Kila mlo uwe na samaki, mayai, mtindi, kunde au mbaazi. Mbaazi zako za asubuhi ni chakula kizuri sana. Kinachokuzidi ni mahamri yaliyokunywa mafuta na kasimile, lile tui zito la kwanza, iliyojaa bakuli. Ongeza mbaazi, kula hamri moja, na mchuzi upike kwa tui la pili, kasimile uweke kidogo tu mwishoni ipate harufu. Mchana pakua samaki na mchicha kwanza, wali uwe kiasi cha ngumi yako. Sufuria ni ileile, watu tisa watakula wala hawatajua.

Na chai ihesabu. Kijiko kidogo cha sukari ni kama gramu 4. Vikombe 5 vya vijiko 3 ni gramu 60, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya gramu 50 kwa siku, ikiwezekana 25. Toa kijiko kimoja kwanza, ulimi utazoea.

Mazoezi ya misuli hayataki jimu. Kaa kwenye baraza la jiwe mlangoni, nyayo zote chini, mikono ipishane kifuani. Inuka bila kushika popote, kisha shuka polepole, usijitupe, mpaka uguse jiwe. Mara 10, pumzika, rudia. Halafu weka viganja ukutani usawa wa kifua, rudi hatua moja nyuma, jisukume. Jerikeni mbili za lita 5 ni kilo 10 za kubeba uani. Fanya hivyo siku 2 au 3 kwa wiki, na kwa sababu una presha usizuie pumzi unaponyanyua.

MamaShela
Na utembee. Amu hatuna magari, tunajiona watembezi, lakini kwenda dukani na kurudi huku umesimama kila kibaraza kusalimiana hakutoshi. Alfajiri baada ya sala, njia ya ufuoni kuja Shela ni kama kilomita 3. Tembea mwendo wa kukuhemesha kidogo, dakika 150 kwa wiki. Kina mama tupo, utatukuta njiani.

UmmuMalindi
Mimi nafunga Jumatatu na Alhamisi. Hilo si bora kuliko hesabu zote hizi?

NesiMstaafu
Funga dada, ni ibada na haina ubaya kwa mwenye afya. Lakini angalia futari: viazi vya nazi, kaimati za shira, sharubati, kisha daku la wali. Ndiyo maana wengi hutoka Ramadhani wameongezeka. Na anayemeza dawa za kisukari asifunge kabla ya kuzungumza na daktari, sukari inaweza kushuka ghafla.

BintiLangoni
Allah awalipe. Maswali mawili. Nitegemee kupungua kwa kasi gani? Na harusini nifanyeje? Kukataa sinia ni kumvunjia heshima mwenye shughuli.

MamaShela
Usikatae. Kula kitu nyumbani kwanza, yai na tunda. Kwenye sinia chukua nyama na kachumbari, pilau tonge chache, halwa kipande kimoja. Wenzio wanakula na kuzungumza, hakuna anayekuhesabia.

NesiMstaafu
Nusu kilo kwa wiki inatosha, na kuna wiki mzani hautasogea kabisa. Mwenye kilo 80 akipunguza 4 tu, presha na sukari huanza kunufaika. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani mara moja kwa mwezi. Kwa mwanamke, kikifika sentimita 88 hatari ya maradhi ya moyo na kisukari imepanda.

Nenda hospitali upime sukari na tezi ya shingo, na hilo jasho la usiku liseme waziwazi, lina tiba. Je, dawa yako ya presha ni ya kukojosha?

BintiLangoni
Ndiyo, ni hiyo.

NesiMstaafu
Basi sanamaki usiiguse hata siku moja. Dawa hizo nyingi hupunguza potasiamu mwilini, na kuhara kunapunguza hiyohiyo. Ikishuka sana, mapigo ya moyo huvurugika. Na huyo shoga yako mwenye kizunguzungu, muulize kama naye anameza dawa ya presha. Muulize leo.