Skana ya mkononi haisomi GPS: niunganishe vipi?

Mwana_wa_Wete

Assalaam aleikum jamaa zangu.

Mie nipo Wete, nauza vipuri vya mashine za boti, na kazi hii hainikalishi pahala pamoja. Asubuhi Mkoani, jioni Micheweni, mara boti ya Unguja, mara Tanga kufuata mzigo. Shemeji yangu aliyekuwa Uingereza kaniachia skana ya mkononi ya Uniden, redio ya kupekua masafa na kusikiliza tu, modeli ya zamani kidogo, inakula betri tatu za AA, ubavuni ina tundu dogo la pini nne. Ndani ya menyu mna habari za GPS: kila fungu la chaneli unalipangia nukta yake na duara lake, ukiingia ndani ya duara fungu linawaka lenyewe, ukitoka linazimika. Hicho ndicho ninachokitaka. Sitaki nikiwa Chake skana ipoteze muda kupekua chaneli za bandari ya Malindi ya Unguja ambazo hata sizisikii.

Waya uliokuja na skana unatoka pini nne kwenda plagi ya pini 9, zile za kompyuta za zamani. GPS niliyo nayo ni ya USB, kidude cha duara chenye sumaku chini. Nimechukua kigeuzi cha pini 9 kwenda USB, nikatia kiungo cha USB jike kwa jike katikati, nikazifunga pamoja. Hakuna kitu. Taa ya GPS haiwaki hata. Nikiichomeka kwenye laptopu inawaka, na ramani inanionyesha nipo Wete barabara. Kwa hiyo kidude ni kizima. Nani kashawahi kufanya kazi hii?

Kijana_Darajani

Yakhe wajichosha. Simu yako ina GPS ndani. Weka programu ya ramani, maisha yaendelee.

Mwana_wa_Wete

Simu haisikii ndege wala chaneli 16 ya vyombo vya baharini, bwana. Ramani si shida yangu, njia za Pemba nazijua gizani.

Fundi_Mkunazini

Waaleikumsalaam Wete. Simu tuiache.

Hapo umekutanisha wageni wawili barazani na mwenye nyumba hayupo. USB lazima iwe na mwenyeji. Ndiye anayetoa umeme wa volti 5, ndiye anayeuliza "wewe nani, umeleta nini". Laptopu ni mwenyeji, ndio maana kule taa inawaka. Kidude chako ni mgeni, na kigeuzi chako cha pini 9 nacho ni mgeni. Hata ukivitia umeme kutoka nje vitatazamana tu. Usiende kununua kiungo kingine, wala waya wa OTG. Ule ni wa simu, kwa sababu simu inaweza kugeuka mwenyeji. Skana yako haiwezi.

Skana inataka kitu cha kizamani zaidi: herufi zinazopita moja moja kwenye waya mmoja, ndiyo seriali hiyo, kwa utaratibu unaoitwa NMEA 0183. Ndio huohuo wa GPS za meli na mashine za kutafutia samaki. Kila sekunde GPS inatema mistari kadhaa, na miwili ndiyo yenye maana kwako, GGA na RMC. Ukiwa Wete, RMC itakuja namna hii:

$GPRMC,061500.00,A,0504.00,S,03943.00,E

na mengine yanafuata nyuma yake. Hiyo 061500 ni saa ya dunia, UTC. Ongeza tatu upate 9:15, yaani kwetu saa tatu na robo asubuhi. Herufi A maana yake setelaiti zimepatikana. Ukiona V badala ya A, bado inatafuta, na hapo usianze kulaumu waya. Toka chini ya bati, kaa uwanjani dakika kadhaa.

Sasa kifaa. Kidude cha USB mpe mtu mwenye laptopu. Wewe tafuta bodi ndogo ya NEO-6M, zile wanazonunua vijana wanaojifunza Arduino, vibodi vya kujifunzia elektroniki. Kariakoo zipo, mtandaoni zimejaa. Naipendelea hiyo kwa sababu inatoa seriali tupu bila USB, na kwa sababu nyingine ambayo wengi hawaijui: inasikiliza GPS ya Marekani peke yake, kwa hiyo mistari yake inaanza na $GP. Bodi mpya zaidi zinachanganya na GLONASS ya Warusi na nyinginezo, nazo huandika $GN. Vifaa vingi vya zamani vinaijua $GP tu. Vikiona $GN vinaipita kama havikuiona. Mtu atabadilisha waya mpaka achoke, na waya hauna kosa. Bodi mpya unaweza kuilazimisha iandike $GP kwa programu ya watengenezaji wake, lakini kwa nini ujitafutie kazi?

NEO-6M ikitoka dukani inasema kwa kasi ya baudi 9600. NMEA 0183 ya asili ni 4800. Ingia menyu ya skana ya mlango wa seriali, uweke kasi ileile ya bodi. Zikipishana hutaona kosa lolote kwenye kioo, utaona kimya.

Kabla ya kulehemu chochote, chukua mita ya umeme. Washa skana, ncha nyeusi kwenye pini 5 ya ile plagi ya pini 9, ncha nyekundu kwenye pini 2, halafu pini 3. Moja kati ya hizo mbili ndiyo skana inayosemea. Ikiwa imetulia na mita inasoma hasi, volti 5 au zaidi upande wa chini ya sifuri, hiyo ni RS-232, seriali ya kompyuta za zamani. Ikisoma chanya, 3.3 au 5, hiyo ni TTL, seriali ya volti ndogo ya bodi kama hizi. Nijibu umepata nini, ndio tuendelee. Usiunganishe kwa kubahatisha, maana pini za data za NEO-6M ni za volti 3.3 na RS-232 itazichoma.

Mwana_wa_Wete

Fundi, Mungu akuweke. Nimepima na mita ya jirani. Pini 2 inasoma hasi, tano na kitu. Pini 3 karibu na sifuri. Bodi nimeshaagiza Dar, inakuja na boti. Nilehemu wapi na wapi?

Fundi_Mkunazini

Basi ni RS-232, na pini 2 ndiyo mdomo wa skana. Sikio lake ni pini 3. Unahitaji kigeuzi kimoja katikati, bodi ndogo yenye chipu ya MAX3232. Haina bei. Tafuta ile iliyokwisha kufungwa plagi ya pini 9 ikupunguzie lehemu.

TX ya GPS, yaani pini yake ya kusemea, inaingia upande wa TTL wa MAX3232, pale pa kuingilia. Upande wa pili, panapotokea, peleka pini 3 ya skana. Ardhi zote ziwe moja: ya GPS, ya kigeuzi na pini 5. Mdomo wa skana uache, GPS haina haja ya kusikia chochote kutoka kwake. Umeme wa bodi zote mbili utoe nje, skana haitoi.

Na kama plagi zote mbili zitakuwa jike, usishangae. Waya wa skana ulitengenezwa ukutane na kompyuta, na bodi hizi nazo nyingi zimetengenezwa zikutane na kompyuta. Utahitaji kiungo dume kwa dume, na kwenye kukivuka 2 iende 3 na 3 iende 2. Viungo vingine vinauzwa vimeshapishanishwa, vingine vimenyooka. Pima kwa mita ujue umeuziwa kipi, muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui.

Bi_Jografia

Naingia kidogo kwenye zile namba, maana wanafunzi wangu wa skuli huanguka hapohapo.

Kwenye mistari ya NMEA, 0504.00 si digrii 5.04. Ni digrii 5 na dakika 4. Dakika zipo 60, kwa hiyo kwa desimali ni 5.07. Kwa mji wa Unguja kosa linaonekana zaidi: 0610.00 ni digrii 6 na dakika 10, desimali yake 6.17. Mtu akiandika 6.10 kwenye menyu ya desimali, nukta yake imehamia kaskazini dakika nne nzima. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1852. Basi kakosea zaidi ya kilomita 7, na kama duara lake ni dogo atasimama Forodhani skana inamwambia hayupo mjini.

Jingine ni ile S. Ukiiacha N iliyokuja na menyu, Wete yako inakwenda kusini mwa Ethiopia. Sisi tupo chini ya ikweta, mashine nyingi zimetengenezwa na watu wa juu yake.

Nukta za kuanzia, kwa dakika nzima: Wete 5°04′ kusini na 39°43′ mashariki. Chake Chake 5°15′ na 39°46′. Mkoani 5°22′ na 39°39′. Mji wa Unguja 6°10′ na 39°12′.

Mwana_wa_Wete

Ahsante mwalimu, S nilikuwa sijaitazama hata. Sasa duara niliweke la ukubwa gani? Nilidhani kilomita 10 kila pahala.

Fundi_Mkunazini

Kilomita 10 hazina msingi. Mawimbi ya VHF, haya ya redio za boti na ndege, yanakwenda kwa mstari wa kuonana, mbele kidogo ya upeo wa macho. Chukua urefu wa antena yao kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili. Fanya hivyohivyo kwa antena yako. Jumlisha, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita. Mlingoti wa mita 30 unakupa 5.5. Wewe kwenye boti, mita 2 juu ya maji, unapata 1.4. Jumla 6.9, mara 4.1 ni kilomita 28 hivi. Kituo cha bandari kipe duara la 30, na tazama menyu isije ikawa inahesabu maili. 30 za maili ni kilomita 48.

Pemba nayo ni ndefu, karibu kilomita 67 toka kaskazini hadi kusini, na duara halipendi kisiwa kirefu. Weka mawili, moja Wete na moja Mkoani, yapishane hapo Chake.

Ndege ni hesabu nyingine kabisa. Ndege ikiwa mita 3000 juu, kipeuo chake ni kama 55, ukizidisha unavuka kilomita 200. Kutoka Wete hadi kiwanja cha Unguja hapafiki 150. Maana yake rubani anayeshuka Unguja wewe unamsikia ukiwa kwako, mnara wa kumjibu ndio humsikii. Kwa hiyo lile fungu la masafa ya ndege, 118 mpaka 137 kwa AM, mimi ningeliondolea GPS kabisa likawa wazi muda wote. Duara la kilomita 10 kwenye kiwanja cha ndege ni kujinyima starehe.

Nahodha_Mstaafu

Nimesoma yote, kazi nzuri. Nina la kumwambia kijana wa Wete, kwa kuwa anavuka kwenda Tanga.

Skana inasikia, haisemi. Mkondo wa Pemba ukichafuka wakati wa kusi, kumsikia mwenzio chaneli 16 hakukusaidii wewe. Redio ya baharini yenye DSC, yaani inayotuma mwito wa dharura wenyewe bila sauti, ina waya zilezile mbili alizozieleza fundi, NMEA ileile. Ukiipa GPS, ukabonyeza kile kitufe chekundu chini ya kifuniko, inatuma yenyewe kwenye chaneli 70 kwamba upo hatarini na upo nukta gani. Isipopewa GPS inatuma kilio bila pahala, na nimeona vyombo vingi redio imefungwa, GPS imefungwa, na hakuna aliyeziunganisha. Waya wenyewe shubiri mbili.

Redio hiyo inahitaji namba yake ya utambulisho, MMSI, za kwetu zinaanza na 674 au 677, na hayo ni mambo ya kwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ukifika huko uliza na habari za skana, ujue yepi unaruhusiwa kusikiliza. Chaneli 16 ni ya kila mwenye chombo. Mazungumzo ya askari usiyaguse.

Mwana_wa_Wete

Nimekusikia baba. Chombo si changu, lakini nahodha wetu ana redio ya namna hiyo na kweli inaandika hakuna nukta juu ya kioo. Nitamwonyesha hapa. Fundi, bodi imefika, nikiwasha na pawabenki taa inapepesa na laptopu inasoma A. Ila nikiiweka karibu na skana, masafa ya ndege yanajaa mvumo.

Fundi_Mkunazini

Taa kupepesa ni dalili nzuri. Mvumo ni wa pawabenki: ndani yake mna kipandisha volti kinachokatakata umeme, na AM haimstahamilii mtu wa namna hiyo. Isogeze mbali na antena kadiri waya utakavyofika, na waya wa umeme uzungushe mara chache kwenye kile kipande cheusi cha feraiti wanachofunga kwenye nyaya za monita za zamani. Isipotosha, acha pawabenki, tumia betri nne za AA za kuchaji. Zinatoa karibu volti 4.8, NEO-6M na MAX3232 zote zinaridhika nazo.

Na hizo waya za nahodha, kabla hujagusa, mwambie azime redio kwanza. Umeme wa boti ni volti 12.