Mbao za ghala kuukuu zinafaa kuwa sakafu ya sebule? (Tabora mjini)

MamaMapacha_Isevya

Wakuu, habari za jioni. Nina nyumba yangu Isevya, imeshapauliwa, milango na madirisha tayari, ndani bado jamvi tupu, yaani sakafu ya zege. Baba watoto anataka vigae kama kila mtu. Mimi nimepata mbao.

Kule Urambo kuna ghala la zamani lililokuwa likihifadhi tumbaku, shemeji yetu kanunua kiwanja chake na kulibomoa, akanipigia simu: shemeji, njoo uchukue kabla hazijawa kuni. Ni mninga. Wazee wa pale wanasema jengo ni la tangu mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 ukafa baada ya miaka michache. Sibishani nao. Zipo 46, kila moja futi 12, upana inchi 6, unene inchi moja kasoro kidogo. Nyingi zina misumari bado, na chache zina rangi ya kijani upande mmoja. Nimezipanga uani, nimezifunika turubai.

Sebule ni mita 4 kwa 5. Zitatosha? Na juu ya zege zinalazwaje? Mchwa wa Tabora mnawajua, hawana adabu. Fundi mmoja kaja kuangalia, kasema zipakwe oili chafu halafu zipigiliwe na misumari ya zege moja kwa moja, kazi inaisha siku hiyo hiyo. Moyo wangu unakataa.

Kiloleni Kwetu

Dada weka vigae ulale. Huko chini ya mbao utafuga panya. Kwa hili namuunga mkono baba watoto.

Seremala wa Ng'ambo

Mama Mapacha, shikamoo kama umenizidi, na marahaba kama nimekuzidi.

Huyo wa oili chafu mpe nauli aende zake. Oili haikauki ndani ya mbao, inakaa tu. Vanishi haitashika juu yake, nyumba itanuka gereji, na hao mapacha watacheza chini hapo. Oili ni ya nguzo ya uzio.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Sebule yako ni mita za mraba 20. Ubao wa inchi 6 ukisharandwa kingo na kuchongwa ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, unaofunika sakafu ni kama sentimita 13 tu. Kwa hiyo unahitaji karibu mita 154 za ubao uliokwisha kusafishwa. Wewe unazo 46 za futi 12, hiyo ni mita 168. Lakini ncha za mbao za kubomoa ndizo zimepasuka, ndizo zenye misumari mingi. Ukikata nusu futi kila upande unabaki na mita 154. Yaani imefika pale pale, hakuna hata kipande cha kuharibu, na hakuna fundi asiyeharibu kipande. Ushauri wangu: acha ukanda wa sentimita 60 mlangoni, ule ukuta wa mita 4, uweke vigae. Ndipo watu wanapovulia viatu na maji ya mvua yanapoingilia. Hapo mbao zinazohitajika zinashuka hadi mita 135 hivi, unapumua. Na baba watoto kapata vigae vyake.

Mchwa. Mninga moyo wake, ule wa kahawia nyekundu, mchwa hawaupendi. Shida ni weupe wa pembeni. Chukua bisibisi, bonyeza kingo zote. Ikizama, au ukiona vitundu vidogo vinamwaga unga, kata weupe wote bila huruma, hata ubao ubaki inchi 4. Mbao nyembamba ziweke pamoja ukutani chini ya makochi. Kisha jamvi lenyewe lipuliziwe dawa ya mchwa kwenye nyufa na pembezoni mwa kuta kabla hujaweka chochote, maana hupandia hapo.

Misumari. Usipeleke ubao mashineni hata mmoja kabla ya kuupitia. Mimi natumia sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu, nimeifunga uzi. Naiburuza polepole juu ya ubao, inapong'ang'ania naweka alama ya chaki. Kuna misumari iliyokatika kichwa, jicho halioni kabisa, na kisu cha randa ya umeme kikiikuta ujue mwenye mashine atakudai kisu. Yenye kutu usiing'oe kwa nguvu, ipige kutoka upande wa ncha itoke kwa kichwa, ubao hautachanika.

Hizo za kijani zitenge. Rangi za zamani nyingine zilikuwa na risasi, ile ya sumu. Usizipige msasa kavu. Lowesha, kwangua kwa kikwaruzo juu ya nailoni, kunja nailoni na uchafu wake utupe. Watoto wasiwepo. Na hata mninga msafi vumbi lake linabana kifua, barakoa ni lazima.

Juu ya zege: unyevu kwanza. Kata kipande cha nailoni mita moja, kibandike kwenye jamvi kwa utepe wa gundi pande zote nne, kesho yake jioni kifunue. Ukikuta majasho chini au zege limekolea rangi, bado. Jamvi jipya la inchi 4 liache likauke si chini ya miezi minne. Likiwa kavu, tandaza nailoni nzito sebule nzima, ipande ukutani kidogo, maungio yapishane futi moja. Juu yake papi, zile mbao ndefu nyembamba za kubeba sakafu, kila sentimita 40, zikamatane zenyewe kwa zenyewe kwa vipande vya kukatisha. Usizitobolee kwenye zege, utakuwa umetoboa nailoni uliyoinunua ya nini? Mbao zipigiliwe kwenye papi kwa msumari wa mshazari kupitia ulimi, kichwa kisionekane.

Ukutani acha nafasi ya unene wa kidole kuzunguka pande zote, itafichwa na skating, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta. Sasa hivi kiangazi mbao zimekauka kama mifupa, Novemba mvua ikianza zitavimba. Mninga hauchezi sana ukilinganisha na miti mingine ya miombo, lakini unacheza. Bila ile nafasi sakafu itanyanyuka katikati. Na ziondoe chini ya turubai leo, ziingize humo sebuleni, uziweke vijiti katikati zipitishe hewa wiki mbili tatu.

Mwana wa Kibirizi

Fundi kamaliza. Mimi niko Kigoma, huku tunapata mbao za boti kuukuu, zimepinda na zina pamba ya kuzibia kila mahali, nimefanyia ushoroba tu. Dada, zikipungua usidanganywe kujazia na mataruma ya reli, yale yanayolazwa chini ya vyuma vya reli. Jirani yangu aliuziwa, chumba kikawa kinanuka lami kila jua likipanda.

Seremala wa Ng'ambo

Hiyo ni kriosoti, dawa ya lami ya kuhifadhi mbao. Ilisukumwa ndani kabisa ya mti, haitoki kwa msasa wala kwa maombi, na ni sumu. Isiingie chumba cha kulala wala sebule. Isitoshe, mataruma mengi ya reli hii iliyofika Tabora 1912 yalikuwa ya chuma, kwa hiyo anayekuuzia "taruma la Mjerumani" la mbao muulize karatasi.

MamaMapacha_Isevya

Fundi, marahaba! Nimemsomea baba watoto pale pa vigae vya mlangoni, kacheka, kakubali. Mawili tu: nipake nini juu? Na mlango, si utakwama?

Seremala wa Ng'ambo

Msasa namba 60, kisha 100, kisha 120. Ukitaka kung'aa na usisumbuke, vanishi ya sakafu mikono mitatu, siyo ile ya makabati. Mimi kwa mninga napenda mafuta ya kitani, yakikauka unasugua nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini. Nta hapa Tabora haitafutwi mbali. Ila matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike, yanaweza kujiwasha moto yenyewe. Yaanike yametandazwa nje mpaka yakakamae.

Mlango: papi ya inchi 2 na ubao vitapandisha sakafu sentimita 7. Ni nyingi. Pasua papi ziwe inchi 1, utapanda sentimita 4 na nusu hivi, na ule ukanda wa vigae unyanyue kwa zege ulingane na mbao. Mlango ukatwe chini baada ya sakafu kuisha, siyo kabla. Kama ni wa fremu ya chuma niambie.