Tupeane uzoefu: ulijiridhisha vipi kwamba vifaa vya kompyuta yako ya michezo vinakubaliana?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba katika mada hii tusimuliane namna kila mmoja wetu alivyochagua vifaa vya kompyuta ya michezo aliyoiunda mwenyewe nyumbani, na hasa namna alivyojiridhisha, kabla ya kutoa fedha yake, kwamba vifaa hivyo vitakubaliana. Tusibishane kuhusu kadi ya grafiki iliyo bora, kwa sababu jibu la swali hilo hubadilika kila toleo jipya linapotoka. Ninachokitafuta ni uzoefu wa uchaguzi wenyewe: ulianzia kifaa gani, ulisoma wapi, na ni jambo gani lililokaribia kukuponyoka.

Mimi nilianzia kwenye ubao mama, yaani bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, ingawa wengi huanzia kwenye kadi ya grafiki, kwa kuwa ubao ndio unaoamua ni prosesa ipi itaingia, ni RAM (kumbukumbu ya muda) ya kizazi gani itakubalika, na ni SSD (diski za kuhifadhia zisizo na sehemu inayozunguka) ngapi zitapata nafasi. Nilikuwa nikilinganisha soketi mbili, yaani matundu ya kupachikia prosesa, za kampuni ya AMD. AM4, ambayo prosesa za Ryzen ziliitumia tangu mwaka 2017, hupokea RAM ya kizazi cha DDR4 peke yake, ilhali AM5, iliyotoka mwaka 2022, hupokea DDR5 peke yake. Kwa hiyo nilipochagua soketi nilikuwa nimekwisha kuchagua RAM pia. Kwa upande wa Intel yahitaji macho zaidi, kwa sababu soketi ya LGA1700 ilipokea prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14, lakini mbao zake zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na majina yao hukaribiana mno. RAM za aina hizo mbili zina pini 288 kila moja, ila pengo lake limekatwa mahali tofauti, hivyo moja haiwezi kuingia kwenye sloti ya nyingine, na mtu asijaribu kuilazimisha.

Hata hivyo, kuingia kwenye soketi si kufanya kazi. Prosesa za Intel za kizazi cha 8 zilizotoka mwaka 2017 kwa ajili ya kompyuta za mezani zilitumia soketi iliyoitwa LGA1151, kama zile za kizazi cha 6 na cha 7, lakini hazikukubaliwa na mbao za chipseti (chipu inayosimamia mawasiliano ya ubao) za mfululizo wa 100 na 200. Zilihitaji mfululizo wa 300. Ndiyo maana mimi hufungua ukurasa wa mtengenezaji wa ubao wenyewe, nikatafuta orodha ya prosesa zinazokubalika, nikahakikisha kwamba jina kamili la prosesa yangu limo, herufi ya mwisho ikiwa ni pamoja nalo, kisha nikasoma safu inayoonyesha toleo linalohitajika la BIOS, yaani programu ya msingi iliyo ndani ya ubao inayoiwasha kompyuta. Safu hiyo ndiyo ambayo watu huipita bila kuitazama.

Mchangiaji wa kwanza

Nakubaliana nawe kuhusu safu ya BIOS, mkuu. Ubao wangu ulikuwa wa chipseti ya B450, iliyotoka mwaka 2018, nami nilitaka kuupachika Ryzen 5 5600, ambayo ilikuja miaka kadhaa baadaye. Soketi ni ileile ya AM4, na orodha ya mtengenezaji iliitaja prosesa hiyo, lakini kuanzia toleo la BIOS ambalo ubao uliokaa ghalani kwa muda mrefu hauwezi kuwa nalo. Ugumu wake ni huu: bila BIOS mpya prosesa haiwaki, na bila prosesa inayowaka huwezi kuingia kwenye BIOS ili uibadilishe.

Kilichonifanya niuchague ubao ule ni kitufe cha nyuma kinachoruhusu BIOS kuandikwa upya kutoka kwenye flashi, hata prosesa isipofanya kazi. Nilipakua faili kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji, nikaipa jina lililoelekezwa katika kijitabu cha maelezo, nikaiweka kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, nikaichomeka kwenye tundu la USB lenye alama yake, nikaunganisha pawa saplai (kifaa cha kugawa umeme), nikabonyeza kitufe na kusubiri taa iache kumetameta. Anayenunua ubao usio na kitufe hicho na amtake muuzaji amthibitishie toleo la BIOS lililomo, au awe na mtu wa kumwazima prosesa ya zamani.

Mchangiaji wa pili

Mimi nitazungumzia pawa saplai, kwa sababu naona huachwa mpaka mwisho na kununuliwa kwa fedha iliyosalia, nami hilo silikubali hata kidogo. Kifaa hiki ndicho kinachovipa umeme vingine vyote, na kikiharibika vibaya kinaweza kuondoka na vyote.

Hesabu yangu ilianzia kwenye kadi. Sloti ya PCIe, ile ya ubao ambamo kadi ya grafiki huchomekwa, hutoa hadi wati 75, kiunganishi cha pini 6 hutoa 75 nyingine, na cha pini 8 hutoa 150. Kadi yangu ni RTX 3080, ambayo mtengenezaji aliipangia wati 320 na kupendekeza pawa saplai ya wati 750, na pendekezo hilo si la kupuuzwa, kwa sababu kadi za namna hii huvuta umeme mwingi zaidi ya kiwango chake kwa muda mfupi sana, na pawa saplai dhaifu hujizima katikati ya mchezo ingawa hesabu ya karatasini inaonyesha kwamba inatosha. Nilihakikisha pia kwamba ina viunganishi vya kutosha vya kadi, maana kile cha pini 8 cha prosesa na kile cha pini 8 cha kadi hufanana kwa mbali lakini nyaya zake zimepangwa tofauti.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote. Mdogo wangu alipobadilisha pawa saplai yake alitaka kuziacha nyaya za ile ya zamani ndani ya keisi (kasha la kompyuta), kwa kuwa tayari zilikuwa zimepangwa vizuri na zilichomeka bila tatizo. Nilimzuia. Upande wa nyaya unaoingia kwenye ubao na kwenye diski una kanuni moja kwa watengenezaji wote, lakini upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna. Kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na wakati mwingine hata mifano miwili ya mtengenezaji mmoja hutofautiana. Waya usio wake unaweza kupeleka volti 12 mahali palipotarajia 5, na hapo SSD au diski yenye kazi zako zote huungua mara moja. Nyaya zilizokuja na pawa saplai zibaki na pawa saplai hiyo.

Na ile alama ya 80 PLUS hupima ni sehemu gani ya umeme inayotumika bila kupotea kama joto. Haipimi uimara wala kinga za ndani.

Mchangiaji wa tatu

Mchango wangu ni mfupi: pimeni. Ubao wa ATX ni milimita 305 kwa 244, micro-ATX ni 244 kwa 244, mini-ITX ni 170 kwa 170, na maelezo ya keisi husema ni ipi inayoingia. Urefu wa kadi unaotajwa kwenye keisi huwa ni kabla ya kufunga feni nene au rejeta ya kupozea kwa maji mbele, hivyo nilitoa unene huo kwanza. Urefu wa kipozeo cha prosesa nao niliulinganisha na nafasi iliyopo hadi kwenye kioo cha pembeni, na nikachagua RAM fupi kwa sababu feni ya kipozeo ilikuwa inaning'inia juu ya sloti zake.

Mchangiaji wa nne

Naomba kuuliza. Ubao wangu ni wa PCIe 3.0, na kadi ninayoitaka imeandikwa PCIe 4.0. Je, zitakubaliana?

Mleta mada

Zitakubaliana, ndugu, kwa sababu matoleo ya PCIe hupokeana, la juu likishuka kwa kasi ya la chini. Lakini angalia idadi ya njia za kupitishia data ambazo kadi hiyo inazitumia. Yenye njia 16 haitapoteza mengi. RX 6500 XT ya mwaka 2022, kwa mfano, ina njia 4 tu, na kwenye PCIe 3.0 hubaki na nusu ya upana wake. Kwa kuwa kumbukumbu yake ni GB 4 na michezo mingi huijaza, upungufu huo huonekana wazi kwenye skrini. Ukiniambia jina la kadi, nitakujibu kwa uhakika zaidi.

Kwa kuwa tumefika kwenye njia hizo, msisahau SSD za M.2, zile ndogo bapa zinazochomekwa moja kwa moja kwenye ubao. Umbo ni moja, lakini zipo za SATA (mfumo wa zamani, wenye kasi ndogo) na zipo za NVMe (zinazopita kwenye njia za PCIe), na si kila nafasi hupokea zote mbili. Kwenye baadhi ya mbao, nafasi moja ya M.2 ikijazwa, tundu moja au mawili ya SATA huzimika. Kijitabu cha ubao husema ni yapi.

Mchangiaji wa tano

Kwangu RAM ndiyo iliyonichukulia muda mwingi. Nilinunua vijiti viwili vya DDR5 vilivyouzwa pamoja katika pakiti moja, si viwili vya pakiti tofauti, kwa sababu mtengenezaji huvijaribu pamoja, na vijiti vinne vya DDR5 mara nyingi hulazimisha kasi ishuke. Nilivichomeka kwenye sloti ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa, kama kijitabu kilivyoelekeza. Mara ya kwanza kuwasha, skrini ilibaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Mbao za AM5 hufanya hivyo zinapojifunza RAM mpya, kwa hiyo usikimbilie kuzima. Kisha ingia kwenye BIOS uwashe EXPO, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyoandikwa juu yake, au XMP kwa RAM zilizoandaliwa kwa ajili ya Intel, vinginevyo RAM iliyoandikwa kasi ya 6000 mara nyingi itafanya kazi kwa 4800.

Na kwa wanaonunua prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni: hazina grafiki za ndani, hivyo waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi yenyewe. Matundu ya HDMI yaliyo kwenye ubao hayataonyesha chochote.